Kupiga vidonge stoo ya mahindi Unga Limited: mlinzi alale wapi, makuli waingie lini?

MtunzaStoo

Wakuu, poleni na majukumu. Kuna stoo hapa Unga Limited, Arusha, ina mahindi tani 120, yaani magunia 1,200 ya kilo 100, rundo moja juu ya chaga. Dumuzi na fukusi wameshaingia. Mpiga dawa anakuja Jumamosi na vidonge vya kutoa gesi ya kuua wadudu, turubai la kufunika rundo lipo. Anasema siku tatu zinatosha.

Shaka yangu ni hii. Mlinzi hulala ndani kwa sababu eneo lina wizi, na mwenye mzigo anataka abaki humo humo, kona ya mbali, kwa kuwa gesi itakuwa chini ya turubai. Ukuta wa nyuma tunachangia na chumba cha fundi cherehani, naye analala huko. Lori la Namanga limepangwa Jumatano. Bati nalo linavuja kidogo asubuhi za manyunyu. Nianze na lipi?

FundiNafaka

Anza na kalenda, mkuu, maana siku tatu hazitoshi. Kidonge cha gramu 3 hutoa gesi ya fosfini kama gramu 1, lakini hakiitoi kwa mkupuo. Kinakula unyevu wa hewa taratibu, na kwenye baridi kinachelewa zaidi. Wadudu wakubwa hufa mapema. Mayai na mabuu yaliyojifungia ndani ya punje ndiyo yanayotaka muda. Nafaka ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 25 funika siku 7. Kati ya 15 na 25 funika siku 10. Chini ya 15 usipige kabisa. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na msimu huu usiku unashuka hadi chini ya 15. Chomeka kipimajoto kirefu katikati ya rundo, usipime hewa ya mlangoni. Mimi ningehesabu siku 10 bila kujadiliana. Ukifungua siku ya tatu utaona maiti za dumuzi juu ya magunia, ufurahi, na baada ya wiki chache kizazi kipya kinatoka kwenye punje, tena ni kile kilichoanza kuzoea dawa.

Kiasi: vidonge 2 hadi 3 kwa tani, kufuata lebo ya kopo. Kwa tani 120 ni vidonge 240 hadi 360. Vipangwe kwenye trei za bati au kadibodi, safu moja, visigusane, na trei zisukumwe chini ya chaga pande zote nne za rundo. Vikirundikana vinapata joto na vinaweza kuwaka vyenyewe. Maji ndiyo hatari kubwa kuliko yote: tone likidondokea kidonge, gesi inatoka kwa fujo na moto unaweza kuzuka. Kwa hiyo bati lizibwe kabla ya Jumamosi, hata kama linavuja mbali na rundo, kwa sababu maji hutembea sakafuni.

Turubai lisiwe lile la lori lenye matundu. Linatakiwa la plastiki nzito isiyopitisha gesi. Kama ni vipande viwili, viunganishwe kwa kupishana mita 1, kingo zizungushwe pamoja na kubanwa kwa vibanio. Juu ya kingo zake zilizolala sakafuni viwekwe vifuko virefu vya mchanga, kila kimoja kipishane na mwenzake, na kwenye kona viwe safu mbili. Kona ndizo zinazovuja kila siku. Sakafu ikiwa na nyufa, ziba kwa saruji siku chache kabla.

Toa mizani ya kielektroniki, simu na chochote chenye nyaya za shaba. Fosfini inakula shaba. Mizani inaweza kuja kusoma uongo baadaye na hakuna atakayejua sababu.

Mangi_Mizigo

Kwani mlinzi akivaa barakoa na kukaa karibu na mlango, dirisha likiwa wazi, si inatosha? Stoo ni kubwa, na gesi ikitoroka atasikia harufu ya kitunguu saumu atoke.

Dada_Usalama

Hapana, kaka. Naomba wote wanaosoma hapa walichukue hili kwa uzito.

Tufanye hesabu. Gramu 360 za gesi kwenye rundo la takriban mita za ujazo 200 ni zaidi ya ppm 1,000 chini ya turubai, yaani sehemu 1,000 katika milioni. Kiwango ambacho wapigaji dawa hutumia kuruhusu watu kuingia ni ppm 0.3. Kwenye ppm 50 tayari maisha yako hatarini. Turubai halihitaji kupasuka ili kumuua mtu. Kona moja iliyolegea usiku mzima kwenye chumba kilichofungwa inatosha.

Harufu isitumike kama kengele. Fosfini safi haina harufu. Kinachonuka kitunguu saumu au samaki ni uchafu uliomo ndani yake, na nafaka inaweza kuunyonya uchafu huo ikaacha gesi ipite kimya. Mtu aliyelala hata hiyo harufu haimwamshi.

Barakoa ya kitambaa, au ile nyeupe ya vumbi, haizuii gesi hata kidogo. Inayofaa ni barakoa inayofunika uso mzima yenye kichujio cha gesi hii, alama B, mstari wa kijivu, kisichopita tarehe yake. Hiyo nayo ni ya kufanyia kazi fupi, mwisho ppm 15. Zaidi ya hapo, au kama kiwango hakijapimwa, anayeingia awe na mtungi wa hewa mgongoni. Hakuna barakoa ya kulalia.

Fundi cherehani yuko hatarini sawa na mlinzi. Gesi hii inapenya matofali ya bloku yasiyopigwa plasta, nyufa, matundu ya nyaya na ule uwazi kati ya ukuta na bati. Ahame kuanzia Jumamosi hadi vipimo vya mwisho, na mwenye mzigo amlipie malazi. Ni gharama ya kazi, iingizwe kwenye bajeti kama vidonge vyenyewe. Majirani wa pande nyingine wapewe taarifa kwa maandishi na kwa mdomo.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kifua kubana, kuishiwa nguvu. Watu wengi hudhani ni malaria au chakula kibaya. Akianza hivyo, mtoeni kwenye hewa safi, avuliwe nguo zenye unga wa dawa, apelekwe hospitali, Mount Meru kwa mliopo mjini, na lebo ya kopo iende naye. Maziwa hayasaidii gesi iliyoingia mapafuni. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hii, madaktari wanasaidia moyo na mapafu tu, kwa hiyo kila dakika ina maana. Hata akijisikia nafuu aangaliwe hospitali siku mbili, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji baadaye. Na mwenzake asikimbilie ndani kumvuta bila mtungi wa hewa. Hapo ndipo wanapokufa wawili.

Mpiga dawa aonyeshe kibali. Wanaosimamia viuatilifu ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, makao makuu yao yako Ngaramtoni, si mbali na wewe. Anayesema siku tatu bila kupima joto la nafaka, ningemuuliza kibali kabla ya bei.

MtunzaStoo

Asante sana dada, asante fundi. Mlinzi anatoka, na fundi cherehani nitazungumza naye leo. Lakini mwenye mzigo atauliza: siku 10 stoo haina mtu ndani, wezi je?

Kufuli_na_Sili

Wizi wa stoo iliyopigwa dawa mara nyingi unafanywa na anayejua kwamba hakuna atakayeingia kuhesabu. Kwa hiyo hesabu kabla. Magunia yahesabiwe mbele ya watu watatu, mwenye mzigo, wewe na mpiga dawa, idadi iandikwe, wote wasaini, na rundo lipigwe picha pande zote nne likiwa limefunikwa.

Mlango uwe na kufuli mbili tofauti, funguo moja kwa mwenye mzigo na nyingine kwa mpiga dawa. Mlinzi asiwe na funguo yoyote. Hiyo inamlinda yeye: akisikia kishindo ndani hashawishiki kufungua, na mzigo ukipungua hasingiziwi. Weka sili yenye namba kwenye kila komeo, namba ziandikwe kwenye daftari la zamu, azisome kila anapopokea na kukabidhi. Madirisha yafungwe kwa nondo kutoka nje.

Kibanda chake kiwe uwanjani, mbali na milango na matundu ya hewa, upande upepo unakotokea. Taa ziwake nje pande zote. Walinzi wawili usiku ni bora kuliko mmoja, kwa sababu mmoja akizidiwa kuna wa kupiga simu.

Bango kila mlango: fuvu la kichwa, HATARI, GESI YA SUMU, USIINGIE, tarehe ya kuweka vidonge, tarehe ya kufungua, namba ya mpiga dawa. Liwe kwa Kiswahili na herufi kubwa. Mwizi naye ni mtu, asife kwa kutojua.

FundiNafaka

Kufungua sasa, maana hapa ndipo wengi wanaharakisha kwa ajili ya lori. Ukiweka Jumamosi, siku ya kumi ni Jumanne ya wiki ya pili. Wafunguaji wawe wawili wenye mitungi ya hewa, wengine mbali. Fungueni milango na madirisha ya pande mbili zinazotazamana, kisha inueni turubai kona mbili za mshazari tu, mtoke. Baada ya saa kadhaa ndipo turubai liondolewe lote. Hewa ipite hadi Jumatano jioni. Funga milango usiku huo, Alhamisi asubuhi pima kabla ya kufungua tena: sakafuni, katikati ya magunia, chini ya chaga, na kwa fundi cherehani pia. Nafaka huendelea kutema gesi, na usiku uliofungwa ndio unaoonyesha ukweli. Kipimo kiwe cha kielektroniki au mirija ya kioo inayobadilika rangi. Ikizidi 0.3, hewa tena. Lori lisogezwe Alhamisi hiyo.

Unga wa kijivu unaobaki kwenye trei bado una dawa kidogo. Usiufunge kwenye mfuko wa plastiki, usiutupe jalalani. Uwanjani, pipa la maji lililojaa theluthi mbili, tia sabuni ya unga, mwaga unga wa dawa kidogo kidogo huku ukikoroga, ukisimama upande upepo unakotokea. Umwage kwenye maji, usimwage maji juu yake. Pipa libaki wazi siku mbili, kisha fukia mbali na kisima.

Mpanga_Magunia

Nyongeza kwa makuli. Rundo lishushwe kutoka juu kwa ngazi, kama kubomoa tofali kwa tofali. Kuchomoa gunia la chini kwa sababu liko karibu na mlango ndiko kunakoangusha tani nzima juu ya mtu, hasa mifuko ya salfeti, ile ya plastiki ya kusuka, inayoteleza. Rundo la mifuko hiyo lisipande zaidi ya mita 3. Kilo 100 ibebwe na wawili. Pendekezo la ILO, Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967 kwa mwanamume mzima ni kilo 55, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, sheria ya vipimo inaikataza hata sokoni.

Na utingo asilale juu ya mzigo chini ya turubai la lori kwenda Namanga, hata kama kipimo kimesoma sifuri asubuhi. Akae kabini.

MtunzaStoo

Nimempigia mwenye lori, amekubali Alhamisi. Fundi wa bati anakuja kesho saa mbili asubuhi. Mpiga dawa nimemwomba alete kibali na kipimo. Kipimo amesema hana, kwa hiyo natafuta mwingine.

Dada_Usalama

Vizuri. Huyo mwingine muulize pia mitungi ya hewa anayo mingapi. Jibu liwe miwili au zaidi.