Wakuu, nataka kufuga nyuki nyumbani Tabata, naomba ushauri

Mgeni wa Nta
Habari zenu wakuu. Fundi kanitengenezea mzinga wa viunzi vya juu, safi kabisa, na nta nimeshapaka. Uwanja wa nyuma upo, kuna mwembe wenye kivuli. Swali ni moja tu: nisubiri nyuki waingie wenyewe au ninunue kundi? Nikiuona mtupu hata usingizi siupati. Msinitishe tafadhali.

Babu Kisamvu
Sisi Sikonge tulitundika mizinga ya magome porini tukarudi msimu wa asali. Marehemu mjomba alipanda mti usiku na mwenge, kifua wazi. Vijana wa mjini mna haraka mno.

Mama Wawili
Majirani wanasemaje? Na nyuma ya ukuta kuna nini?

Mgeni wa Nta
Majirani hawana neno.

Mama Wawili
Nimeuliza nyuma ya ukuta.

Mgeni wa Nta
Chekechea. Ila watoto wanaondoka saa sita mchana, na ukuta ni mrefu.

Mama Wawili
CHEKECHEA? Ulipanga kutuambia lini?

Mgeni wa Nta
Dada usikuze mambo. Halafu jamaa wa Kisarawe nimeshampa advansi, kundi linakuja Jumamosi usiku kwa bodaboda. Mwenye nyumba nitamwambia akishaonja asali.

Fundi Moshi
Nijibu swali maana wengine mnahubiri. Kusubiri ni bure: harufu ya nta inawavuta, kundi likiwa linahama litaingia lenyewe. Kununua pia inawezekana, ila kwenye mzinga wa viunzi sega linaning'inia tu kwenye kijiti cha juu, halina fremu ya kulishika. Mashimo mawili matatu ya barabarani, limekatika, asali inawamwagikia nyuki na malkia anaweza kufia humo. Nyuki wetu nao ni wakali. Mmoja akichoma anaacha harufu kama ya ndizi mbivu, wenzake wanakuja palepale. Watoto wa chekechea utawaambia nini?
Kama ni lazima iwe Tabata, tafuta nyuki wadogo wasiouma. Asali yao kidogo ila bei imesimama. Hao wakubwa peleka shamba, na miguu ya mzinga iweke kwenye makopo ya oili chafu, siafu hawana huruma.

Kobe wa Ilala
Ngojeni kwanza. Mwanzo ilikuwa "nyumbani", sasa kuna mwenye nyumba. Nyuki wapande bodaboda usiku, wapite Gongo la Mboto, dereva asichomwe? Hii chai. Huyuhuyu juzi alileta uzi wa sungura. Picha ya mzinga iko wapi?

Dogo Buza
Chai ya rangi, tena haina tangawizi. Naleta maandazi 😂

Mgeni wa Nta
Kamera ya simu imekufa. Na sungura waliibiwa, uliza Tabata nzima.

Kobe wa Ilala
Waliibiwa na nyuki?

Babu Kisamvu
Mjomba naye alikuwa na sungura.

Shamba Chanika
Mimi namwamini. Mkuu, huo mzinga niuzie.

Mgeni wa Nta
Siuzi. Ila kama una shamba, naomba pembe niuweke pamoja na hao nyuki. Tutagawana asali.

Shamba Chanika
Shamba ni la mama mkwe. Ngoja nimpigie. Chekechea nisiitaje, si ndiyo?