MJADALA: Anayelala porini na bangi ndiye anayefungwa, mwenye hela yuko mjini anakula kuku. Hii sheria inamtisha nani?

Wakuu habari za jioni, na Wanyalu wenzangu wa Iringa kamwene.

Nimeamua niilete hii mada hapa maana huku kwetu upande wa milima ya Udzungwa mvua zikishaisha tu stori ni ileile, polisi na mgambo wamepanda juu, shamba limefyekwa na kuchomwa moto, kijana mmoja anashushwa na pingu miguu imejaa matope, halafu jioni kwenye kilabu cha ulanzi watu wanagawanyika, hawa wanasema safi sana wanatuharibia watoto, wale wanasema mwacheni mtoto wa watu alikuwa anatafuta ada ya wadogo zake. Mimi sitaki tubishane bangi ni dawa au ni sumu, hilo tumeshabishana mpaka basi. Ninachouliza ni hiki: watu wanapigwa hadi miaka 30 kwa kulima, na bado msimu ukifika mashamba yapo. Sasa anayetishwa hapo ni nani?

Kwa wasiojua maisha ya kule juu niwape picha kidogo, nimeongea na watu waliowahi kulala huko na wakatoka salama. Wengi siyo wenye shamba. Tajiri yuko mjini, anatuma mtu wa kati, mtu wa kati anakuja kijijini anatafuta kijana ambaye hana shamba la maana au viazi vimemkata mtaji, anampa unga, dagaa, chumvi, panga na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Makubaliano ni ya mdomo, utalipwa tukishauza. Hakuna hata shilingi ya kutangulizwa zaidi ya chakula. Shamba likichomwa hulipwi, likiibiwa hulipwi, na dalali akisema bei imeshuka utamwambia nini, utaenda kumshtaki wapi?

Halafu sasa hofu yenyewe. Watu wanadhani anaogopa polisi tu. Polisi anakuja mara moja kwa msimu au asije kabisa, ila kila siku kuna jambo. Bangi haitaki kivuli kwa hiyo lazima ukate miti upate jua, na ukishakata miti umefungua kidirisha katikati ya msitu, mtu akisimama kwenye mgongo wa mlima wa pili anakiona. Ikianza kuchanua inanuka, jioni kukiwa na ukungu harufu inateremka na bonde mpaka inawafikia watu wanaochota maji. Usiku huwashi moto maana mwanga unaonekana, mchana ukiwasha moshi unaonekana, na Juni kule juu baridi yake mnaijua wenyewe. Kijana mmoja aliniambia alikuwa anapika alfajiri ukungu ukiwa bado mzito, ugali wa siku nzima, mchana anaula wa baridi na dagaa wabichi kwa sababu ya uoga wa kukaanga. Pikipiki ikinguruma bondeni anaacha kila kitu anaingia vichakani, anakaa humo mpaka mlio upotee, kumbe ni boda kapeleka mbolea.

Na kitu kinachowanyima usingizi zaidi ya njagu ni wezi. Ukiibiwa mahindi unaenda kwa mtendaji, ukiibiwa bangi unaenda kwa nani? Wiki za mwisho kabla ya kuvuna ndiyo wanalala na panga mkononi, na wanaokuja kuiba nao wanakuja na mapanga. Watu wanakatana kule na haiandikwi popote, mtu anaonekana zahanati na jeraha anasema kaanguka na shoka akichanja kuni.

Msimamo wangu: sisemi iruhusiwe. Nasema tunamfunga mlinzi wa shamba halafu tunajipongeza. Karibuni.

Mama Ilula

Kaka umeandika vizuri ila umenikera kidogo, umemwonea huruma mlimaji mpaka umesahau wengine. Hao watu wa porini siyo wao tu wenye hofu. Sisi wanawake tunaopanda kuokota kuni na uyoga ndiyo tunaokutana nao. Mdogo wangu alipanda na wenzake kipindi cha uyoga, njia waliyopita tangu watoto, wakatokea mahali miti imekatwa, mimea imesimama mistari, wakajua. Kabla hawajageuka wakasikia mtu anakohoa nyuma yao, ana panga, akawauliza kwa upole kabisa, "mama zangu mmeona nini hapa?" Wakajibu hatujaona kitu. Akasema basi teremkeni. Hakuwagusa. Lakini mpaka leo njia ile hawapiti, kuni wananunua, na hela ya kununua kuni mnajua inatoka wapi. Na hakuna aliyekwenda kusema, kwa sababu ukisema kwa mwenyekiti wa kitongoji jioni jina lako limeshafika kule juu.

Na hiyo bangi haiendi yote mjini. Vijana wa sekondari wanavuta nyuma ya vyoo vya shule. Mimi ni mwalimu, najua mtoto aliyekuwa anaongoza hesabu halafu akaanza kusikia sauti za watu wanaomsema, wazazi wakampeleka kwa mganga mwaka mzima ndipo wakakubali hospitali. Sisemi kila anayevuta anachanganyikiwa, ila akianza na miaka 14 akili haijakomaa hatari yake ni kubwa, hilo hata wanaoitetea wanalijua.

Mwana wa Tukuyu

Poleni sana. Ila mama, hayo yote uliyosema ya panga na uyoga yanatokea KWA SABABU imekatazwa. Huwezi kukuta mtu analinda mgomba kwa panga kiasi hicho. Sisi huku tuko jirani na Malawi, mto Songwe tu katikati. Wenzetu 2020 bunge lao likapitisha sheria, bangi ya dawa na ya viwandani inalimwa kwa leseni. Zambia nao 2021 wakatunga sheria yao. Lesotho walishatangulia 2017, Zimbabwe 2018, Rwanda 2021 wakaruhusu ya dawa kwa kuuza nje. Hata Umoja wa Mataifa Desemba 2020 waliitoa bangi kwenye lile kundi la dawa kali kabisa la mkataba wa 1961. Sisi tumebaki na jembe la kufyekea. Jumanne Kishimba alipokuwa mbunge wa Kahama Mjini alisimama bungeni 2019 akaomba tuliangalie hili suala kibiashara, watu wakalichukulia utani.

Ardhi tunayo, mvua tunazo, vijana wapo. Tatizo letu nini?

Mtoa mada

Mwana wa Tukuyu nimekusoma, na mimi zamani nilikuwa naongea hivyohivyo kwa sauti kubwa. Lakini nenda kaangalie hizo leseni. Malawi ada ya leseni ya bangi ya dawa inahesabiwa kwa maelfu ya dola, na kuvuta bado haijaruhusiwa na hiyo sheria. Rwanda mwekezaji anatakiwa awe na uzio, kamera, walinzi, soko la nje. Sasa nitajie kijana wa Kilolo au Makete mwenye uzio na kamera. Siku ikiruhusiwa hapa atakayepata leseni ni yuleyule tajiri wa mjini, safari hii na mhuri wa serikali, na huyu wa porini atabaki kuwa mhalifu maana hana karatasi. Hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana. Ruhusuni msiruhusu, yeye hayumo kwenye hesabu.

Afrika Kusini wao wametokea mlango mwingine, Mahakama ya Katiba 2018 ilisema mtu mzima akilima na kutumia kwake faragha siyo kosa, lakini kuuza hapana. Ile inamsaidia mvutaji. Mtu anayelala msituni hafanyi hivyo ili avute mwenyewe.

Mama Ilula nimekuelewa, kweli nimewasahau. Na hilo la jina kufika mlimani jioni hiyohiyo ndiyo kansa ya hii kitu.

Kokoto_Mafinga

Parachichi tu jamani. Limeni parachichi.

Mtoa mada

@Kokoto parachichi unasubiri miaka mitatu mpaka minne mti uanze kukupa, na shamba uwe nalo la kwako. Huyu ninayemsema hana hata sehemu ya kuchimba shimo la mche.

Wakili wa Kijiweni (siyo wakili kweli msije mkanipigia simu)

Nichangie upande wa mahakamani maana nimekaa sana kwenye mabenchi ya nyuma Mbeya mjini nikifuatilia kesi. Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ni ya 2015, ikafanyiwa marekebisho 2017. Kulima ni kosa, kumiliki ni kosa, na mwenye ardhi au msimamizi wake akiruhusu ilimwe kwake naye yumo. Kusaidia na kula njama pia kumo. Kwa hiyo mtoa mada usiseme sheria haimgusi tajiri, inamgusa vizuri tu. Kinachokosekana ni ushahidi.

Fikiria wewe mpelelezi. Shamba liko ndani ya hifadhi ya msitu, halina hati, halina jirani wa mpaka wa kuja kusema hili ni la fulani. Utamthibitishiaje hakimu mwenye shamba ni nani? Unamkamata uliyemkuta na jembe. Sampuli inafungwa, inaandikiwa, inakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, inarudi na ripoti, na hapo katikati kila aliyeishika lazima ajulikane. Rufaa kibao za kesi za dawa zimeshinda Mahakama ya Rufani kwa sababu huo mnyororo ulikatika, haijulikani kielelezo kililala wapi au nani alimkabidhi nani. Kwa hiyo mnaona kitu cha ajabu, mlinzi wa shamba anaweza akatoka kwa rufaa baada ya kukaa ndani miaka sita saba, tajiri hata hakuwahi kutajwa. Na mlinzi mwenyewe hamtaji, mara nyingi hamjui. Anamjua mtu wa kati kwa jina la utani.

Mama Ilula

Hata akimjua hamtaji. Mama yake yuko kijijini peke yake.

Mzee wa Sao Hill

Vijana salaam. Mimi nimefanya kazi misitu muda mrefu, nimestaafu. Mnazungumza sheria, mnazungumza bei, hakuna aliyezungumza maji. Hawa watu hawalimi popote tu, wanatafuta chemchemi, kwa sababu miche ikipandwa mwishoni mwa mvua lazima imwagiliwe. Kwa hiyo eneo wanalofyeka ni palepale kwenye jicho la maji. Nimekuta vijito vimezibwa kwa mawe na nailoni, mpira mweusi umetandazwa chini ya majani, na miti ya asili ambayo babu zetu waliikuta imelala chini. Msimu unaofuata wanahama kwa kuogopa kujulikana, wanafungua pengine. Pale pa zamani panabaki nyasi, kiangazi moto ukiingia unapata mlango. Udzungwa ndiyo inapeleka maji Kilombero, ndiyo inaendesha mitambo ya umeme ya Kihansi, siyo msitu wa kuchezea.

Nakubaliana na mtoa mada kwamba tunakamata mdogo. Sikubaliani kwamba huyo mdogo ni wa kuonewa huruma tu. Mara mbili nimetishiwa maisha na hao hao wadogo. Walinzi wa misitu tunatembea wachache, wengine mikono mitupu, unakuta kijana wa miaka 20 ana hofu kuliko wewe, na mtu mwenye hofu na panga ndiyo hatari zaidi.

Mwana wa Tukuyu

Mzee shikamoo. Hilo la maji nalikubali bila ubishi. Lakini si ndiyo hoja yangu ileile? Ingelimwa shambani, kwenye ardhi ya kijiji, nani angeifuata chemchemi?

Mzee wa Sao Hill

Marahaba. Mahindi yanalimwa kihalali na bado watu wanafyeka vyanzo vya maji kwa ajili ya vinyungu, vile vibustani vya mabondeni. Uhalali haujawahi kumzuia mtu kufuata maji.

Mtoa mada

Mzee hapo umenifunga mdomo kwenye huruma, nakubali mdogo naye ana makosa yake. Ila nirudi kwenye swali maana naona tunaanza kuzunguka.

Mamlaka ya kupambana na dawa wakija huwa wanafyeka, wanachoma, wanatangaza ekari. Sawa. Mimi ningependa siku moja watangaze hela. Bangi ya gunia kwa gunia haitoki Udzungwa kwa miguu, kuna mtu amekodi gari, kuna mtu amelipa dereva, unga na dagaa vilinunuliwa duka fulani na mtu fulani, na siku hizi malipo mengi yanapita kwenye simu. Kijana akikamatwa simu yake mnayo. Laini ina jina la mtu, huyo mtu ana namba ya NIDA na alama za vidole. Anzeni hapo mpande juu taratibu, hata kama itachukua mwaka, hata kama shamba lenyewe mmelichelewa. Na yule mlinzi apewe njia ya kusema bila mama yake kuchomewa nyumba, ahamishwe, afichwe jina, apunguziwe adhabu, maana sasa hivi akitaja na asipotaja anaona miaka ni ileile, kwa hiyo ananyamaza.

Na taarifa za wanakijiji zisipokelewe kwa mwenyekiti. Kwanza wengine wenyeviti wenyewe... haya niishie hapo, naishi hukuhuku.

Wakili wa Kijiweni

Hapo kwenye laini utakuta imesajiliwa kwa jina la bibi wa miaka 80 aliyeambiwa anaandikishwa kupata mbolea ya ruzuku. Lakini sawa, hata yule bibi anamkumbuka kijana aliyemshika kidole. Ni pa kuanzia.