Mrejesho: kusoma misingi ya magonjwa ukiwa mwanafunzi wa optometria (upimaji wa macho)

Wakuu, niliuliza namna ya kusoma magonjwa ya binadamu bila kukariri orodha za dalili. Asanteni sana.

Ushauri wa kuchora ndio umelipa: ugonjwa mmoja, karatasi moja, mishale kutoka chanzo hadi kinachoonekana ndani ya jicho. Kisukari kwa mfano: sukari ikikaa juu, chembe zinazoshikilia ukuta wa kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) hufa, ukuta unatuna, kisha unavuja. Na lile la tabaka za retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) lilinifungua macho: damu ikivujia kwenye nyuzi za neva hutambaa kama ulimi wa moto kwa kuwa inafuata nyuzi, ikivujia chini zaidi hubaki nukta. Moto huelekeza zaidi kwenye shinikizo la damu, nukta kwenye kisukari, ila msiape, hupishana.

Kadi za maswali zimenisaidia kwenye istilahi tu. Magonjwa ya kinga kuushambulia mwili bado yananitoa jasho; mchoro unakatika katikati. Sasa naanzia mwisho: jicho jekundu linaloumia na kuogopa mwanga, uvea ya mbele (irisi na sehemu iliyo nyuma yake tu) imevimba, ndipo nauliza habari za mgongo unaokaza asubuhi na HLA-B27, alama ya kinga ya kurithi inayohusishwa na uvimbe wa uti wa mgongo na wa jicho. Angalau inasogea.