Mnunuzi wa nyumba mtandaoni anaangalia nini kwanza?

Wakuu, nyumba nimeiweka mtandaoni ila simu haziiti kabisa. Hivi mtu akiperuzi matangazo anaangalia nini?

Jibu 1: Picha mkuu. Mtu anachuja kwa bei, eneo na idadi ya vyumba, zikibaki chache ndo anafungua picha, sasa akikuta mbili tu tena za giza anajua unaficha kitu, anapita. Jiko na bafu vionekane.

Jibu 2: Weka na ramani ya vyumba bana, lenzi pana zinadanganya sana, chumba unakiona ukumbi kumbe hata kitanda hakigeuki 😂

Jibu 3: Mi nikiona "bei maelewano" sifungui. Halafu usipoandika bei, anayechuja kwa bei anaweza asikuone kabisa. Na hati ikoje? Sema humo humo.