Kundi letu la wakulima: tuligawe kwa mazao au tubaki pamoja?

Msimamizi, Uyole
Ndugu wanakundi, tumekaribia ukomo wa watu 1,024 ambao WhatsApp inauruhusu kwa kundi moja, lakini idadi si jambo linaloninyima usingizi. Jumatatu asubuhi mama mmoja wa Isongole alituma picha ya jani la kiazi lenye mabaka meusi na ukungu mweupe upande wa chini. Kabla hajajibiwa zikapita bei za mbolea, salamu za harusi na picha za miche ya parachichi, na jibu likampata Jumatano, ilhali bakajani chelewa, ugonjwa wenye dalili hizo, kukiwa na baridi na mvua, hausubiri siku mbili. Naona njia tatu: kugawa kundi kwa mazao, kubaki pamoja kwa masharti makali, au kutumia Jumuiya, huduma ya WhatsApp iliyoletwa mwaka 2022, ambamo makundi madogo hukaa chini ya mwavuli mmoja wenye sehemu ya matangazo kwa wote. Naomba maoni yenu.

Mkulima wa parachichi, Njombe
Naunga mkono kugawa. Ninapotafuta maelezo ya kupogoa, au ya kutambua tunda lililokomaa kabla ya kuchuma, hunilazimu kupitia mamia ya ujumbe usionihusu, na picha za mashamba ya wengine humaliza kifurushi changu kabla ya mwisho wa wiki.

Mkulima wa nyanya, Ilula
Ndugu wa Njombe, nakuelewa, lakini sikubaliani nawe. Ugonjwa unaoua viazi vya wenzetu wa milima ya Uporoto, kama wa Isongole, ndio huo huo unaoshambulia nyanya zangu, na vimelea vyake husafiri kwa upepo. Msimu uliopita nilipiga dawa mapema kwa sababu tu niliona picha za wenzetu wa viazi humu ndani. Tungekuwa tumegawanyika kwa mazao, nisingeziona, na pengine leo ningekuwa nahesabu mashina makavu.

Mfuga nyuki, Mufindi
Mimi sina zao, sasa nitawekwa wapi? Ua la parachichi aina ya Hass hufunguka mara mbili: siku ya kwanza asubuhi likiwa la kike, kesho yake mchana likiwa la kiume, kwa hiyo bila nyuki wa kubeba chavua matunda huwa haba. Jirani akipulizia dawa ya wadudu asubuhi kwenye mboga zake, hasara inampata mwenye parachichi na mwenye mizinga kwa pamoja. Mazungumzo hayo yanahitaji watu wa pande zote tatu.

Mkulima wa kahawa, Mbozi
Tulishawahi kuwa na kundi dogo la kahawa. Wenye ujuzi walibaki kwenye kundi kubwa, waulizaji wakahamia dogo, na baada ya miezi michache hakuna aliyejibu.

Mama wa Isongole
Picha ile ilikuwa yangu. Nilipojibiwa, mistari sita ilikuwa imekwisha kusinyaa kama iliyomwagiwa maji ya moto. Wanangu, mimi sikukosa kundi. Nilikosa mtu wa kunijibu. Hata mkitufungulia makundi kumi, kama hakuna aliyepewa zamu ya kuangalia picha kila siku, nitasubiri tena hadi Jumatano.

Msimamizi, Uyole
Shikamoo mama, na pole sana kwa mistari hiyo. Hoja yako, pamoja na zile za Ilula na Mufindi, zimenibadilisha: nilitaka kugawa kwa mazao, ilhali kinachotuunganisha ni tatizo tunalolipata pamoja. Tutatumia Jumuiya. Viazi na nyanya watakaa kundi moja. Parachichi, mboga na nyuki kundi jingine. Kahawa watabaki kundi kuu hadi wapatikane wawili walio tayari kujibu. Hakuna kundi litakalofunguliwa bila watu wawili wa zamu, na dalili yoyote ya ugonjwa unaosambaa nitaipeleka kwenye matangazo siku hiyo hiyo. Ndugu wa Ilula, nakuomba ushike zamu ya kwanza ya viazi na nyanya kuanzia Jumamosi. Bado natafuta mwenzako kutoka upande wa Uporoto.