Gawio la wanachama limechanganywa na msimbo mbovu, kampuni inasingizia mtandao

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza.

Kuna SACCOS moja mkoani kwetu yenye wanachama 1,240. Mwaka huu gawio limekokotolewa na mfumo mpya, ulionunuliwa kwa kampuni ambayo sitaitaja hapa. Mama mmoja muuza dagaa, mwenye hisa chache kabisa, akawekewa laki nane. Mwalimu mstaafu aliyeweka akiba miaka na miaka akapata elfu kumi na mbili. Alipokwenda ofisini kulalamika akaambiwa mtandao ulikuwa unasumbua. Mtandao! Mtandao unachelewesha ujumbe, hauchukui gawio la mtu ukampa jirani yake.

Bodi wakaniita niangalie. Mfumo umeandikwa kwa Java, lugha ya kuandikia programu. Orodha ya wanachama inatolewa kwenye hifadhidata, inapitishwa kwenye parallelStream (inayogawa kazi ifanywe na thredi, yaani njia za utekelezaji, kadhaa kwa wakati mmoja), na ndani ya forEach (amri ya kushughulikia jina mojamoja) kila thredi inakokotoa gawio na kulitupia kwenye ArrayList, yaani orodha, moja ya wote. Kisha jina la kwanza linapewa jibu la kwanza, la pili linapewa la pili, hivyo hivyo hadi mwisho.

Chukueni mitihani 1,240, wagawieni walimu wanane. Kila mwalimu atamaliza kwa wakati wake. Sasa mtu akusanye alama tupu, bila namba ya mtahiniwa, azipange kwa jinsi zilivyomfikia, halafu azibandike kwenye orodha ya majina. Mzazi gani angekubali? Ndicho walichofanya, tena kwa fedha za watu.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba dalili waliziona mapema. Kwenye majaribio majibu yalikuwa yanapungua, mara 1,236, mara 1,238, kwa sababu ArrayList haikutengenezwa iandikwe na thredi nyingi kwa mpigo: mbili zinalenga nafasi moja, ya pili inafuta ya mwenzake. Badala ya kujiuliza, wakaifunika kwa Collections.synchronizedList, yaani kufuli linaloruhusu thredi moja tu kuandika kwenye orodha kwa wakati mmoja. Idadi ikatimia 1,240. Jumla ya shilingi ikalingana na ya mhasibu. Wakakabidhi kazi. Lakini kufuli lile linazuia majibu yasipotee tu, halipangi foleni. Na jumla haijali nani katangulia: anzia juu, anzia chini, utapata kilekile. Kwa hiyo hesabu zilifunga vizuri kabisa huku fedha zikiwa mikononi mwa wasiostahili. Hata mkaguzi anayeangalia jumla peke yake angepita hapo asione kitu.

Na dawa ipo tangu Java 8 ilipotoka mwaka 2014. Maelezo rasmi ya forEach yanasema wazi kwamba kwenye mkondo sambamba (ndiyo hiyo parallelStream) haiahidi kufuata mpangilio. Wangetumia map (inayogeuza kila jina kuwa jibu lake), kisha collect (inayokusanya majibu) ya kuingiza kwenye orodha, kila sehemu ya kazi ingejaza kapu lake, na makapu yangeunganishwa kwa mpangilio wa orodha ya mwanzo, hata kama kapu la mwisho ndilo lililowahi kujaa. Kazi ingebaki sambamba vilevile. (Mradi chanzo chenyewe kiwe na mpangilio. Ukianza na HashSet, mkusanyiko usio na mpangilio, hakuna cha kulindwa.) Wa Python, lugha nyingine ya programu, nanyi msijisahau: Pool.map inarudisha majibu kama ulivyoingiza, as_completed inakupa ya aliyewahi kumaliza.

Mimi hata hivyo nisingetegemea nafasi kabisa. Gawio litembee na namba ya uanachama tangu linapokokotolewa hadi linapoandikwa, likifika la nani lisiwe swali. Halafu kuzidisha hisa za watu 1,240 kwa kiwango cha gawio ni kazi ambayo thredi moja inaimaliza kufumba na kufumbua. Nani aliwatuma kwenda sambamba?

Sasa kampuni hiyohiyo imeleta ankara ya "maboresho", na nasikia bodi wanataka kuilipa ili mambo yaishe. Mwenyekiti, kama unapita humu, usisaini. Yule mama alishaziingiza zile laki nane kwenye mtaji akijua ni zake, na ofisi inamtaka azirudishe zote kabla mwezi haujaisha. Wanaojua sheria za ushirika, naomba mnisaidie: huyu mama aanzie wapi?