Lenzi "inayohimili hali ya hewa" imeingia maji, na waranti inasema maji hayahusiki

Ndugu wanajamvi,

Nimekaa na hasira hii kwa wiki tatu nikisubiri ipoe, nayo haijapoa, kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze jambo hili kwa utaratibu. Nina kamera ya aina isiyo na kioo cha ndani, na lenzi ya zumu niliyoichagua kwa sababu moja tu: boksi, tangazo na muuzaji mwenyewe vyote vilinihakikishia kuwa inahimili hali ya hewa. Kulikuwa na lenzi nyingine nyepesi zaidi na nafuu zaidi, yenye picha ambazo kwa macho yangu hazikuwa na tofauti yoyote, nikaiacha kwa ajili ya sifa hiyo. Siku moja nikapiga picha katika mvua ya rasharasha kwa muda usiozidi nusu saa. Kesho yake nikaona ukungu nyuma ya kioo cha mbele, na baada ya wiki chache vikajitokeza vijinyuzi mithili ya utando wa buibui, ambavyo kila anayetunza lenzi anavifahamu kuwa ni fangasi.

Kituo cha huduma kiliifungua, kikaitazama, kikanirudishia na karatasi yenye sentensi moja: uharibifu unaotokana na kimiminika hauhusiki na waranti. Nilipouliza ni kwa vipi lenzi iliyouzwa kwa kigezo cha kuhimili mvua ikataliwe kwa sababu ya mvua, niliambiwa kwamba kuhimili si kuzuia, na kwamba maelezo hayo yamo kwenye kijitabu. Ni kweli yamo, kwa maandishi madogo kuliko yote, wakati neno lenyewe la kuhimili limechapwa juu ya boksi kwa herufi ambazo mtu anazisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Huku ni kuuziwa mwavuli kwa sharti la kutonyeshewa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kipimo kipo, na kampuni nyingi zinakikwepa kwa makusudi. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60529 ndicho kinachotoa zile namba za IP tunazoziona kwenye simu: tarakimu ya kwanza inaeleza kinga dhidi ya vumbi, ya pili kinga dhidi ya maji, na herufi X huwekwa pale ambapo upande mmoja haukutajwa. IPX1 ni kinga ndogo kabisa dhidi ya maji, yaani matone yanayodondoka wima kwa dakika 10, kiasi cha milimita 1 kwa dakika. IP53 ni kinga dhidi ya maji yanayonyunyizwa hadi pembe ya digrii 60 kutoka wima, pamoja na kinga ya vumbi ambayo haizibi kabisa lakini hairuhusu liingie kiasi cha kuharibu kazi. Kampuni ya OM System walipotoa kamera ya OM-1 mwaka 2022 waliiandikia IP53, na lenzi yao ya 12-40mm f/2.8 PRO II wakaiandikia namba hiyo hiyo. Leica waliiandikia SL2 ya mwaka 2019 IP54. Kwa hiyo asitokee mtu hapa kunieleza kwamba kamera na lenzi hazipimiki. Zinapimika, ila anayetaja namba anaweza kubanwa nayo, na anayetaja sifa tupu habanwi na lolote.

Hata hizo namba tusizishike kama hirizi. Jaribio hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi na kwa kifaa kipya, wala halielezi mpira wa kuziba utakuwaje baada ya miaka mitano ya jua na mafuta ya vidole. Na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, yenye IP53 ikifungwa lenzi isiyo na mpira wowote kwenye kitako, pale lenzi inaposhikana na kamera, ile 53 imekufa hapo hapo.

Baada ya msiba wangu nilijifunza mambo ambayo muuzaji alipaswa kunieleza. Kuziba lenzi maana yake ni mpira mwembamba kwenye kitako cha chuma, mipira mingine chini ya pete za kufokasi na za zumu, na pengine chini ya swichi. Kampuni nyingine huweka yote, nyingine huweka ule wa kitako peke yake, na zote mbili hutumia neno lile lile kwenye boksi. Lenzi yangu ni ya zumu inayorefuka. Ukiivuta, nafasi ya ndani inaongezeka na hewa lazima ifyonzwe kutoka nje, kama bomba la sindano linavyofanya, na hewa hiyo huja na unyevu wake. Mimi nilikuwa naivuta na kuirudisha kila dakika chini ya manyunyu bila kufuta maji kwenye shingo yake, kisha nikaitia kwenye begi ikiwa mbichi. Hilo ni kosa langu na ninalikiri. Lakini mtu anaponunua zumu iliyosifiwa kwa mvua, atajuaje kuwa kuizungusha kwenye mvua ndiko kunakoiua? Lenzi ambazo zumu yake hufanyika ndani kwa ndani, pamoja na zile za urefu mmoja (zisizo na zumu) zisizotokeza wakati wa kufokasi, hazina tatizo hili kwa kiasi kikubwa, na ningelijua hilo nisingeinunua niliyo nayo.

Wala bei si mwongozo, jambo ambalo lilinishangaza. Miongoni mwa lenzi za 35mm za Fujifilm kuna mbili hizi: ile ya f/1.4 ya mwaka 2012, ambayo ndiyo ghali zaidi, haina kinga, na ile ya f/2 iliyokuja mwaka 2015 ndiyo yenye herufi WR, yaani kuhimili hali ya hewa. Angalau hao wameweka herufi kwenye jina, mtu akajua anachonunua. Canon nao walitengeneza EF 17-40mm f/4L (L ni alama ya lenzi zao za daraja la juu), ambayo wengi bado wanaifunga kwenye kamera mpya kwa kutumia adapta, na kinga yake haikamiliki mpaka ufunge filta, kile kioo cha ziada, mbele. Ni wangapi kati yetu wanaoitumia bila filta wakiamini ile L inatosha? Adapta nyingi za bei rahisi, nazo, hazina mpira hata mmoja.

Jambo la mvuke nalipitia haraka kwa sababu limejadiliwa sana: ukitoka chumba chenye baridi kali ukaingia kwenye joto lenye unyevu, maji yanajitengeneza juu ya vioo, na ikiwa hewa yenye unyevu imeshaingia ndani ya lenzi, yanajitengeneza humo humo bila kujali mpira wowote. Dawa yake ni kuifunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka na kuiacha ipate joto humo.

Ninachodai kutoka kwa watengenezaji si muujiza. Waandike namba, waandike kama inahusu lenzi peke yake au ikiwa imefungwa kwenye bodi ipi, waandike kama filta inahitajika, na waeleze waziwazi kama waranti italipa pale namba hiyo itakapokuwa imeheshimiwa. Wasipoandika, basi neno hilo waliondoe kwenye boksi. Muuzaji naye akiulizwa mipira iko mahali gani asijibu kwamba "hii ni ya kitaalamu", kwa sababu hilo si jibu la swali lililoulizwa.

Kwa mwenye uzoefu, nina maswali mawili. Fundi mmoja ameniambia fangasi wangu bado wako juu juu, kwamba kundi la vioo vya mbele linaweza kufunguliwa na kusafishwa kabla hawajala rangi ya kinga ya kioo, lakini akanionya kuwa mipira aliyoikuta ndani haitarudi kukaa kama ilivyokaa kiwandani. Je, kuna aliyewahi kusafishiwa lenzi ya namna hii, na baadaye akaitumia tena kwenye manyunyu? Na ule mpira wa kitako, je, unapatikana peke yake kama spea, au nao mtu analazimika kununua kitako kizima?